Maswali ya wasomaji: Supavaiza kaniandikia "umejuaje?" sehemu nne

Naona msimu wa proposo, yaani mapendekezo ya utafiti, umefika, maana meseji zimejaa na wengine mnatuma saa nane za usiku. Nimechagua sita, zilizobaki zilikuwa zinarudia mambo yaleyale. Wewe uliyeomba nikuandikie sura ya kwanza nzima "kwa haraka", jibu ni hapana na Mungu anakuona.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu nasoma sosholojia, mada yangu ni "Athari za mitandao ya kijamii kwa ufaulu wa wanafunzi". Kwenye utangulizi nimeandika kwamba mitandao inashusha ufaulu, supavaiza kapiga mstari mwekundu kaandika "umejuaje?" sehemu nne tofauti. Sasa si ndo nataka kutafiti? Pia anasema vigeu vyangu havieleweki. Nimechoka.

Marahaba mdogo wangu, pole. Ila supavaiza wako yuko sahihi na naomba usimnunie. Umeandika jibu kabla ya kuuliza swali, na kama jibu unalo tayari basi hela na muda wa kwenda kukusanya data ni wa nini?

Tuanze na vigeu. Kigeu ni kitu chochote kinachobadilika kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, umri, alama za mtihani, masaa ya kulala. Ukienda shule ya wasichana watupu, jinsia hapo siyo kigeu tena, maana wote wako sawa. Kile unachodhani kinasukuma ndo kigeu huru, kinachosukumwa ndo kigeu tegemezi. Kwako wewe matumizi ya mitandao ndo huru, ufaulu ndo tegemezi. Wengi wakifika hapa wanadhani wamemaliza, wanachora vile viboksi viwili na mshale katikati, wanalala.

Bado. "Matumizi" ni nini? Ni masaa? Ni mara ngapi mtu anafungua? Na yule ambaye yuko kwenye grupu la kujadili masomo naye unamhesabu sawa na anayeangalia video za vichekesho? Fanya jaribio hili leo, muulize rafiki yako anatumia masaa mangapi kwa siku mtandaoni, atakwambia "kama mawili hivi", alafu mwombe afungue mipangilio ya simu yake pale panapoonyesha muda halisi wa kila programu mkaangalie wote. Nyie mtacheka, lakini utakuwa umeelewa kwa nini kipimo kinagombaniwa. Na ufaulu vilevile, ni alama za muhula uliopita au ni mtu anavyojiona mwenyewe kwamba "niko vizuri tu"? Hiyo kazi ya kushusha neno kubwa mpaka liwe kitu unachoweza kukihesabu au kukiona ndo supavaiza anaitafuta na haioni.

Sasa tuseme umepima vizuri na umekuta wanaokaa sana mtandaoni wana alama za chini. Bado hujaonyesha kwamba mitandao imewashusha. Inawezekana waliofeli ndo wanakimbilia mitandaoni kujiliwaza, yaani mshale umeugeuza. Au kuna kitu cha tatu nyuma ya vyote viwili, mtu ana msongo, halali usiku, kwa hiyo anashika simu NA anafeli. Kusema kwa uhakika kwamba hiki kinasababisha kile kunahitaji jaribio, ugawe watu kwa bahati nasibu makundi mawili, hawa watumie na hawa wasitumie, na wewe huna uwezo wa kunyang'anya nusu ya darasa simu muhula mzima, wala hakuna kamati ya maadili itakayokuruhusu kirahisi. Kwa hiyo toa neno "athari" weka "uhusiano": "Uhusiano kati ya muda wa kutumia mitandao ya kijamii na alama za mtihani kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza". Mada imekuwa ndogo, ndiyo, ila sasa inafanyika.

SWALI: Habari mwalimu. Wanafunzi ninaowatafiti wako 400. Rafiki yangu anasema watu 30 wanatosha, mwingine ananiambia nichukue nusu, mwingine kanipa fomula ya Yamane ya kujua nichukue watu wangapi, siielewi. Mimi nimeamua nitengeneze dodoso la mtandaoni nitupe linki kwenye magrupu ili nipate watu wengi hata elfu, si wengi ndo bora?

Fomula kwanza maana ni rahisi. Unachukua idadi ya watu wote, unagawa kwa moja jumlisha idadi hiyohiyo mara kiwango cha kosa (yaani kukosea unakokubali) kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe. Kosa wengi wanaweka asilimia 5, yaani 0.05, ukizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata 0.0025. Mara 400 ni 1. Jumlisha 1 inakuwa 2. Gawa 400 kwa 2 ni 200. Umemaliza, na kwa bahati aliyekwambia nusu kapatia, ila kapatia kwa bahati tu, jamii ingekuwa ya watu 100,000 fomula hiyohiyo ingekupa kama 399 na siyo elfu hamsini. Watu hili huwa linawashangaza. Lakini fikiria daktari akikupima damu, mtu mnene na mtu mwembamba wote anawatoa tone zilezile, hamwongezei mnene ndoo. Hiyo 30 nayo inatoka kwenye somo la takwimu, kwenye habari za wastani na ule mchoro wa kengele, siyo leseni ya kuchukua watu 30 kwa kila kitu.

Ila fomula inakwambia WANGAPI, haikwambii akina NANI, na hapo ndo linki yako kwenye magrupu inapokuharibia.

Kuna kisa kimoja kila anayesoma utafiti inabidi akijue. Mwaka 1936 Marekani kulikuwa na uchaguzi wa rais, Franklin Roosevelt dhidi ya Alf Landon. Jarida moja kubwa, Literary Digest, lilikuwa na sifa ya kutabiri uchaguzi, chaguzi zilizotangulia lilikuwa limepatia. Safari hii likatuma karatasi za kura ya maoni kwa watu kama milioni 10. Milioni kumi! Zikarudi zaidi ya milioni 2. Wakahesabu, wakatangaza Landon anashinda kwa asilimia kama 57. Siku ya uchaguzi Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Landon akabaki na mawili, Maine na Vermont. Miaka miwili baadaye jarida lenyewe likafa. Wakati huohuo George Gallup, mpimaji wa maoni ya watu aliyetumia sampuli (wachache wanaochaguliwa kuwakilisha wote) ya watu kama 50,000 tu, alitabiri Roosevelt na ikawa.

Kosa lilikuwa wapi? Majina waliyatoa sehemu kubwa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Mwaka 1936, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, mwenye simu na gari ni nani? Siyo maskini aliyekuwa anampenda Roosevelt. Alafu kuna la pili ambalo mimi naliona baya zaidi na watu hawalisemi sana: karibu watu milioni 8 hawakurudisha karatasi, na wanaojisumbua kurudisha huwa ni wale wenye hasira, wenye jambo lao. Kwa hiyo sampuli ilipinda mara mbili, kwanza kwa waliotumiwa, alafu kwa waliojibu.

Sasa rudi kwenye linki yako. Nani yuko kwenye magrupu? Mwenye bando, mwenye simu nzuri, anayekujua wewe. Nani atabofya? Mwenye muda na mwenye kero. Ukipata elfu wa namna hiyo umepata elfu walewale, na wewe jamii yako yenyewe ina watu 400, hao 600 wa ziada wametoka wapi kama siyo marafiki wa marafiki? Omba orodha ya majina 400. Kwa kuwa unataka 200, rusha sarafu kuamua uanze na wa kwanza au wa pili, alafu chukua kila wa pili kwenye orodha mpaka mwisho. Hiyo inaitwa sampuli ya mpangilio na inatetewa vizuri tu mbele ya jopo. Unayemfuata usipomkuta, rudi kesho, usimchukue jirani yake kwa sababu yuko karibu na mlango.

SWALI: Mwalimu tofauti ya nadharia na haipothesia ni nini kwa kifupi jamani, na haipothesia yangu ikikataliwa na data ndo nimefeli?

Kwa kifupi kabisa. Nadharia ni maelezo mapana ya kwa nini mambo yako hivyo, haipothesia ni utabiri mdogo unaotoka humo ambao unaweza kwenda kuupima na ukaonekana ni uongo. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim mwaka 1897 alipoandika kuhusu kujiua, nadharia yake ilikuwa kwamba mshikamano mdogo wa mtu na wenzake unaongeza hatari ya kujiua. Mshikamano huwezi kuukamata kwa mkono. Lakini kutoka humo unaweza kusema "wasiooa watajiua kwa kiwango kikubwa kuliko waliooa", hiyo sasa unachukua takwimu za vifo unaenda kuangalia. Haipothesia ikikataliwa hujafeli, kilichofeli ni utabiri, na wewe umepata matokeo. Kufeli ni kuandika haipothesia ambayo haiwezi kukataliwa hata iweje, kama "malezi yana nafasi katika maisha ya mtoto". Nani atabisha?

SWALI: Nisaidie kaka. Nina takwimu za majimbo mbalimbali, nimeona majimbo yenye wahamiaji wengi ndo yenye watu wengi wanaojua kusoma. Naweza kuandika kwamba wahamiaji wanajua kusoma kuliko wenyeji?

Usiandike ndugu yangu! Umeingia kwenye shimo ambalo lina miaka mingi na lilishawekewa kibao. Mwanasosholojia William Robinson mwaka 1950 alichukua sensa ya Marekani ya mwaka 1930 na akakuta hichohicho ulichokikuta wewe, majimbo yenye watu wengi waliozaliwa nje ya nchi yalikuwa na watu wengi zaidi wanaojua kusoma. Alipoenda kwa mtu mmoja mmoja ikageuka, waliozaliwa nje ndo walikuwa wanajua kusoma kidogo kuliko wenyeji. Inawezekanaje? Wahamiaji walikuwa wanahamia majimbo ambayo wenyeji wake tayari walikuwa wamesoma. Jimbo halisomi, mtu ndo anasoma. Kama data yako ni ya majimbo, hitimisho lako liwe la majimbo, na kama unataka kusema kuhusu mtu basi nenda kamuulize mtu.

SWALI: Shikamoo. Natafiti mtazamo wa wauguzi kuhusu wagonjwa wa afya ya akili. Supavaiza mmoja anataka dodoso, mwingine anasema mahojiano, wananivuta huku na huku. Nimeambatisha dodoso langu uliangalie. Na nikifanya mahojiano nafikiria niwarekodi kwa siri ili wawe huru.

Marahaba. Wakubwa wakigombana wewe uliza swali lako la utafiti linataka nini. Ukitaka kujua wauguzi WANGAPI wana mtazamo fulani na unatofautianaje kwa umri au miaka kazini, hiyo ni njia ya kiidadi, chukua dodoso. Ukitaka kujua mtazamo huo umekaaje, umetoka wapi, wanauelezaje kwa maneno yao, hiyo ni ya kimaelezo, kaa na watu wachache uwasikilize kwa muda mrefu mpaka uone mahojiano mapya hayakuletei jipya. Usikubali kuambiwa moja ni sayansi na nyingine ni stori. Unaweza pia kuchanganya, ila kuchanganya ni kazi mara mbili, siyo njia ya kuwaridhisha wote wawili.

Nimefungua dodoso lako. Swali la 7: "Je, unakubali kwamba wauguzi wanapaswa kuwa wavumilivu na kupewa mafunzo zaidi ili wasiwanyanyase wagonjwa wa akili?" Ndiyo au Hapana.

Dada yangu, hapo kuna maswali mangapi? Mimi nimehesabu matatu. Mtu anayetaka mafunzo lakini anajiona ni mvumilivu tayari atajibu nini? Na "wasiwanyanyase" ina maana umeshaamua kwamba wananyanyasa, unamwita muuguzi mkosaji alafu unamwomba akujibu kwa ukweli. Alafu "je unakubali" inamsukuma mtu aseme ndiyo. Livunje. Moja: "Katika miezi 12 iliyopita umepata mafunzo yoyote kuhusu kuhudumia wagonjwa wa afya ya akili?" Lingine: "Mara ya mwisho ulipomhudumia mgonjwa wa namna hiyo, kilikuwa kitu gani kigumu zaidi?" na uache nafasi ya kuandika. Ona sasa unauliza kitu kilichotokea, huulizi mtu ajipe sifa.

Neno moja tu linaweza kuharibu, sikutishi. Mwaka 1974 watafiti wa saikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yanayogongana wakawauliza yalikuwa kwenye kasi gani. Wengine swali lao lilisema yalipo"bamizana", wengine yalipo"gusana". Filamu ni zilezile. Wa kubamizana walisema wastani wa kama maili 41 kwa saa, wa kugusana kama 32. Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi niliuliza "unaridhika na walimu na maktaba?", madodoso yakarudi yote, nikaanza kuchambua ndo nikagundua sijui nani karidhika na nini, sehemu nzima nikaitupa. Ningejaribu dodoso kwa watu kumi tu kabla ningeliona siku ya kwanza.

Na jambo la mwisho kwako, mtazamo siyo tendo. Mwanasosholojia Richard LaPiere kwenye miaka ya 1930 alizunguka Marekani na mume na mke Wachina, kipindi ambacho ubaguzi dhidi ya Wachina ulikuwa wazi kabisa. Hoteli na migahawa 251, wakakataliwa mara moja tu. Baadaye akawatumia wenye sehemu hizo swali kwa barua, mnapokea Wachina? Waliojibu zaidi ya asilimia 90 wakasema hatupokei. Watu wamemkosoa, kwamba aliyejibu barua huenda siyo aliyekuwa mapokezi siku ile, na ni kweli, ila ukimaliza dodoso lako usiandike "wauguzi wanawahudumia vizuri", andika "wauguzi WALISEMA". Ukitaka wanachofanya, omba kibali ukakae wodini ushuhudie.

Kibali nimesema, na fomu ya ridhaa usiione kama karatasi ya usumbufu. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia mwaka 1932 mpaka 1972 wanaume weusi kama 600, 399 kati yao wakiwa na kaswende, walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli, wakidanganywa kwamba wanatibiwa "damu mbaya", na hata penisilini ilipokuwa tiba inayojulikana miaka ya 1940 hawakupewa. Aibu hiyo ndo ilizaa ripoti ya Belmont ya mwaka 1979 ambayo misingi yake, kumheshimu mtu, kumtendea mema bila kumdhuru, na haki, mpaka leo ndo iko ndani ya fomu unazojaza. Kwa hiyo lile wazo lako la kurekodi kwa siri "ili wawe huru" lifute kabisa.

SWALI: Mwalimu hili naomba usitaje chochote kunihusu. Nilitakiwa nipate watu 120, nimepata 43, dedlaini ni wiki mbili. Rafiki yangu ananiambia nipike data za waliobaki, yeye alifanya hivyo na akapita.

Asante kwa kuuliza kabla hujapika, maana wengi wananiuliza wakiwa wameshaungua.

Nikiwa kijana niliwahi kuajiriwa kwa miezi michache kuingiza data kwenye kompyuta, mradi siutaji. Siku moja nikapewa rundo la madodoso 25 kutoka kwa mkusanyaji mmoja. Sikuwa nimesoma takwimu za maana wakati ule, lakini nilipofika la nne nikahisi kitu. Tiki zote zimelala upande mmoja. Hakuna aliyeruka swali la kipato, na hilo swali watu huwa wanaliruka kama moto. Hakuna aliyeweka tiki mbili akafuta moja, hakuna aliyeandika pembeni "inategemea", hakuna karatasi yenye mkunjo au alama ya kikombe. Watu 25 wote wasafi, wote wana maoni, hakuna hata mmoja asiyejua. Watu wa kweli ni wachafu ndugu yangu. Na kwenye maswali yaliyogeuzwa makusudi, lile linalosema "napenda kazi yangu" na mbele linakuja "natamani kuacha kazi", mpishi alikuwa amechoka, kaweka "nakubali sana" kote. Msimamizi alimwita, akakana dakika tano alafu akaomba msamaha.

Rafiki yako alipita, sawa, labda msomaji wake alikuwa na haraka. Lakini yeye tasnifu yake ipo maktaba, ina jina lake, na itakaa huko.

Fanya hivi. Usiseme 43 ni aibu, 43 kati ya 120 ni kama asilimia 36 na watafiti wakubwa wanapata chini ya hapo. Wiki ya kwanza warudie ambao hawajajibu, meseji fupi ya heshima, mara moja tena mara ya pili, na kama unaweza nenda mwenyewe, dodoso la mkononi linakataliwa kwa shida kuliko la kwenye simu. Watakaojibu baada ya kusumbuliwa waweke alama, ulinganishe majibu yao na ya waliojibu mapema, wakitofautiana sana hiyo ni dalili kwamba walionyamaza nao huenda wana mengine. Baada ya hapo funga, chambua ulichonacho, punguza ukubwa wa hitimisho, na kwenye mipaka ya utafiti uandike namba zote kama zilivyo.

Alafu mtafute supavaiza kesho asubuhi, siyo siku mbili kabla ya dedlaini. Nenda na hizo 43, na orodha ya wale 77 uwe nayo mkononi, umri wao, idara zao, chochote unachokijua, maana hatakuuliza kwa nini umepata wachache, atakuuliza hao walionyamaza ni akina nani.